Kona ya Upande wa Mtoni

Nilipomaliza masomo Kampala, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilirudi Kitale nikiwa na shahada, suti moja na imani kwamba nchi ilikuwa ikinisubiri. Nchi haikuwa na habari. Nafasi ya ualimu niliyoahidiwa ilikuwa bado "inashughulikiwa", na wakati ikishughulikiwa nikapewa kazi ya muda katika kozi ya waashi. Walitaka mtu anayejua Kiingereza, Kiswahili na Kibukusu, na asiyeogopa vumbi. Sifa tatu za kwanza nilikuwa nazo.

Mafunzo yalifanyika katika ua wa ghala kuukuu la mahindi, si mbali na stesheni ya reli. Mwanzo wa wiki wanafunzi walivuta uzi, wakapanga matofali, wakainua ukuta. Ijumaa waliubomoa, wakakwangua udongo kwenye matofali moja moja na kuyarundika tayari kwa Jumatatu. Badala ya saruji tulitumia udongo mtupu, makusudi usishike sana. Matofali yale yale yalikuwa yamekwisha kuwa jiko, choo, tangi na nyumba ya mwalimu, na bado hayakuwa kitu chochote.

Baba yangu, aliyekuwa nyapara wa wakamuaji katika shamba la mzungu nje ya mji, aliniuliza siku moja tumejenga nini tangu nianze kazi.

"Hatujajenga kitu, baba. Tunabomoa."

"Na matofali?"

"Yapo."

Akanywa chai yake kwa muda. "Basi hamjapata hasara," akasema, na hakuuliza tena.

Mwalimu wa vitendo alikuwa Kalasinga mmoja mzee wa Kitale, mwenye ndevu nyeupe alizozifunga kwa wavu akiwa kazini ili chokaa isiingie. Wote tulimwita Fundi Mkuu. Kiswahili chake kilikuwa cha jukwaa la waashi, kifupi, kisicho na adabu wala matusi, na hakuna aliyewahi kushindwa kumwelewa. Mimi nilikuwa mwalimu wa nadharia. Nilisimama mbele ya watu waliokuwa wameshika tofali maisha yao yote nikawaeleza tofali ni nini. Walinisikiliza kwa heshima, kama watu wanaosikiliza mahubiri ya dhehebu lisilo lao.

Somo nililojivunia zaidi lilikuwa la kona. Kanuni yenyewe ni rahisi: pembe zote za nyumba zipande pamoja. Usiinue ukuta mmoja mpaka juu huku mwenzake uko chini, kwa sababu kuta hushikana kama watu wanaovushana mto, na aliyetangulia peke yake hana wa kumshika. Ikibidi upande mmoja utangulie kidogo, mwisho wake uushushe kama ngazi, ili matofali ya ukuta ujao yapate pa kuuma. Nilikuwa nimeitafsiri kanuni hiyo mwenyewe kutoka kitabu cha Kiingereza, na ili iingie vizuri nikainua mkono na kuonyesha vidole vinavyokua pamoja.

"Mwalimu," akauliza mwanafunzi mmoja kutoka Kachibora, mtu wa maskhara, "na hiki kidole gumba? Si kimebaki chini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikaushusha mkono.

Mwanafunzi bora wa kozi ile alitoka upande wa Chwele. Alikuwa mrefu, na alikuwa amebeba karai za udongo kwa miaka mingi akiwahudumia mafundi wengine katika mashamba ya wazungu, akiitazama mikono yao. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Akimaliza ukuta alirudi nyuma, akautazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake mwenyewe, akasema, "Huu, hata mvua itaomba ruhusa." Halafu Ijumaa aliubomoa kwa uso wa msiba.

Alikuwa na sababu ya kutaka kufaulu. Mwisho wa kozi tungekwenda kujenga zahanati ya kweli, kwa saruji ya kweli, na kila mtu angepimwa kwa kona yake. Aliyepita angepewa cheti cha fundi na kikosi cha kuongoza. Asiyepita angerudi alikotoka, na huyu bwana alikotoka ni chini ya karai. Isitoshe, aliponiambia habari zake tukiwa tunatoka sokoni Kitale, nilijua kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyekisubiri cheti kile. Alipokwenda kuposa, wajomba wa binti walikataa. Hawakutaka mkwe anayebeba udongo wa watu. Aliyesimama upande wake alikuwa mama wa binti. Aliwaambia ndugu zake kwamba karai hubebwa na mtu yeyote mwanzoni, na kwamba huyu atashika mwiko wa fundi. Wajomba wakanyamaza, ndoa ikafungwa, lakini hawakusahau. Kila walipokutana na yule mama katika sherehe walimuuliza, "Mwiko umefika?"

"Na yeye anakwambiaje?" nikamuuliza.

Akanitazama kama aliyeulizwa na mgeni. "Ataniambiaje, mwalimu? Ni mama mkwe wangu."

Kwa asiyetoka kwetu, niseme hivi. Mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Akija njia hii, wewe unaingia kichakani. Akiwa ndani ya nyumba, wewe unakaa nje nyuma ya ukuta. Huu si ugomvi. Ni kwa sababu mnaheshimiana sana hata macho hayafai kuingilia kati. Sauti inaweza kupita, ila ipitie kwa mtu mwingine. Haya yote niliyajua. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu kuhusu mila za kwetu na nikapata alama nzuri.

Zahanati ilikuwa ijengwe karibu na Chwele, kwenye mteremko, mto ukiwa bondeni. Tulipanda lori Kitale na mbao za jukwaa, saruji na sufuria za kupikia. Wenyeji walikuwa wamekubaliana kusaidia: wanaume walete mchanga, wanawake wateke maji. Jengo lilikuwa na vyumba na baraza, kwa hiyo kona zilitosha kila mwanafunzi apate yake. Fundi Mkuu alichora alama kwenye vipande vya tofali, akavitia ndani ya karai, na kila mtu akachomoa bila kuangalia.

Mtu wa Chwele alichomoa kona ya upande wa mtoni. Akafurahi mno. Ndiyo kona ambayo mtu yeyote anayepanda kutoka bondeni angeiona kwanza.

"Wagonjwa watapona wakiiona tu," akasema.

"Wakiona wewe watazidiwa," akajibu mtu wa Kachibora.

Msingi ulipokuwa tayari na saruji ya kwanza imekorogwa, wanawake wakaja. Walipanda kwa mstari mmoja, madebe vichwani. Mbele yao alikuwa mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, aliyetembea bila kushika debe lake. Mimi nilikuwa nimesimama na Fundi Mkuu. Nikawasalimu, "Mulembe, akina mama," wakaitikia, na Fundi Mkuu akageuka kuwaonyesha pipa la kumwagia maji.

Alipogeuka tena, kona ya upande wa mtoni haikuwa na mtu. Mwiko ulikuwa juu ya tofali, na udongo wa saruji umemwagwa katikati ya laini ya matofali, unaanza kukauka.

"Wapi fundi ya hii kona?"

Wanafunzi waliinamia kazi zao kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona Kitale. Mabega ya mtu wa Kachibora yalikuwa yakitetemeka. Wanawake wakamwaga maji, wakashuka. Walipopotea kwenye migomba, mtu wetu akatoka ndani ya shimo la chokaa, mweupe kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Nilikuwa naangalia chokaa," akamwambia Fundi Mkuu.

"Chokaa nazuri?"

"Nzuri, Fundi Mkuu."

"Basi veve kaa kwa kona. Chokaa hapana kimbia."

Ilitokea tena kabla ya chakula cha mchana, na tena baada yake. Mara ya tatu alijificha nyuma ya lundo la mchanga, na mtu wa Kachibora, akiwa juu ya mbao, akaanza kumtangazia kwa sauti ndogo, "Bado... bado... ameweka debe chini, anapumzika... ati sasa anazungumza na mwenzake... lala, bwana, kichwa kinaonekana!" Ndipo nilipoelewa yule mama aliyeongoza mstari alikuwa nani. Mila yenyewe ilikuwa imepita mbele yangu mara tatu na debe kichwani, nami nikaisalimu na kuendelea na shughuli zangu.

Nikamfuata Fundi Mkuu kumweleza. Nilieleza vizuri sana, kuanzia mwanzo, kama nilivyoeleza kwenye insha. Alinisikiliza huku akikuna chini ya wavu wa ndevu.

"Mama mkwe," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi iko mama mkwe. Nakaa nyumbani kwangu, Kitale. Kila siku mimi naona." Akafikiri kidogo. "Mimi pia nataka kimbia. Lakini kazi iko."

Nikaomba abadilishiwe kona. Akakataa. Kila mtu alichomoa mwenyewe, akasema, na ukimbadilishia mmoja, kesho watakuja wote, huyu jua limemchoma, yule hapendi upepo. Zaidi ya hayo, bwana mkubwa wa majengo angekuja kukagua wiki iliyofuata, na kila kona ilikuwa na alama ya mwenyewe. Mtu apimwe kwa kona yake.

Mimi nikaja na suluhisho la kisomi: ratiba. Niliwaomba akina mama walete maji saa maalumu, asubuhi, adhuhuri na alasiri, ili mtu wetu apate kujiandaa. Walikubali kwa moyo mmoja. Kisha wakaendelea kuja kila mara pipa lilipopungua, kwa sababu ndiyo maana ya kuleta maji.

Wakati huo Fundi Mkuu alilazimika kurudi Kitale na lori kuchukua saruji zaidi. Aliniachia kazi. "Hapana fanya kitu mpya," akaniagiza. "Angalia tu." Nikaangalia.

Na nilichokiangalia kilinipendeza. Mtu wa Chwele aliacha kukimbia. Alikuwa ameanza kujenga kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwake wala kwa mtu mwingine. Alfajiri wenzake walipokuwa wakinywa uji, yeye alikuwa tayari amevuta uzi. Aliipa kona mgongo na kushughulika na ukuta wa upande wa njia tu, laini juu ya laini, na kila mara wanawake walipokaribia alipiga magoti nyuma yake akaendelea kufanya kazi akiwa chini. Ukuta ukamfika kiunoni akawa hapigi tena magoti, anainama tu. Ukamfika kifuani. Ulipompita kichwa akasimama wima nyuma yake kwa mara ya kwanza tangu tufike Chwele, akajinyoosha mgongo, akachonga tofali huku akiimba.

Ulikuwa ukuta mzuri ajabu. Timazi ikiteremshwa, uzi ulilala juu ya matofali kama uliochorwa. Jengo lingine lote lilikuwa magotini.

Basi mambo yakatulia. Wanawake wakawa wanatua madebe yao kando ya ukuta ule ule, kwa sababu ulikuwa na kivuli. Na yule mama, akiwa anapumzika upande wake, akaanza kuniita.

"Mwalimu, huyo aliye nyuma ya ukuta, amekula?"

Alikuwa umbali wa tofali moja kutoka kwake. Nikaugeukia ukuta. "Unaulizwa kama umekula."

"Mwambie anayeuliza kwamba nimekula, namshukuru."

"Amekula, anashukuru."

"Na mtoto wao alikuwa anakohoa. Amepona?"

"Mtoto amepona?"

"Amepona. Mwambie sasa anasumbua kuku."

"Amepona, mama. Anasumbua kuku."

Yule mama akacheka, na nyuma ya ukuta nako kukasikika mtu anacheka. Nilikuwa nimesomea Kiingereza ili niwe mkalimani kati ya watu wa lugha mbalimbali, na sasa nilikuwa nikitafsiri Kibukusu kwa Kibukusu, nikimrudishia kila mmoja maneno aliyokwisha kuyasikia. Ni kazi ya ukalimani niliyofaulu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Siku moja akauliza swali lingine. Alilizungusha kwanza kwa habari za mahindi na mvua. "Na hicho cheti," akasema mwishowe, "ni cha kweli? Maana wako watu nyumbani wanaoniuliza."

Nyuma ya ukuta mwiko ukaacha kugonga.

"Mwambie," ikasema sauti, bila kiburi cha kawaida, "wiki ijayo atakuwa na la kuwajibu."

Fundi Mkuu alirudi na lori kesho yake. Alishuka, akasimama, akautazama ukuta ule kwa muda mrefu. Mtu wa Chwele alikuja akafuta mikono, akingoja sifa. Mimi pia nilingoja zangu kidogo.

"Nani iko chunga hapa?" akauliza.

"Mimi, Fundi Mkuu."

"Veve nafundisha kona?"

Ndipo nikaona. Pembe zote zipande pamoja. Nilikuwa nimepita mbele ya ukuta ule mara nyingi kila siku, nikautegemea, nikautafsiria, na sikuwa nimeuona. Fundi Mkuu akaenda mwisho wake, akapitisha kiganja kutoka juu hadi chini. Ulikuwa umekatwa wima, laini kama upande wa sanduku. Hakukuwa na ngazi, hakukuwa na meno, hakukuwa na mahali ambapo ukuta wa pili ungeuma. Kona, ile iliyochomolewa kwenye karai, haikuwepo. Palikuwa na ukuta tu, na pembeni yake matofali machache ya magotini.

"Ukuta mzuri," akasema Fundi Mkuu, na alimaanisha. "Lakini hii iko peke yake. Nyumba nashuka kidogo, mvua naingia, hapa napasuka mpaka juu." Akamtazama mwanafunzi wake. "Mimi hapana weza pa cheti kwa ukuta. Cheti iko ya kona. Bomoa mpaka wenzake iko. Jenga tena kabla bwana mkubwa nakuja. Kama hapana maliza, basi."

Mtu wa Chwele hakubisha. Kitale alikuwa amezoea kubomoa, na alijua Fundi Mkuu alisema kweli. Hilo lilionekana usoni. Lakini hakunyanyua nyundo. Alinivuta kando.

"Nikibomoa," akasema, "nitasimama hapa wazi, mwalimu. Nikikimbia kila wanapokuja, sitamaliza. Nisipokimbia... Mwambie Fundi Mkuu aniandike nimeshindwa. Karai naijua."

"Wacha ujinga," akasema mtu wa Kachibora, aliyekuwa amesogea kusikiliza. "Si ufumbe macho?"

"Wewe utafumba macho ukiwa na mwiko?"

"Mimi hata nikifumbua naweka tofali vibaya. Lakini bwana, ukienda, nani nitakuwa namtangazia?" Alitaka kuchekesha, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Safari ile wanawake walipokuja, mtu wetu alikuwa bado nyuma ya ukuta wake, nyundo mkononi, hajagonga hata tofali moja. Yule mama akatua debe.

"Mwalimu, kuna nini? Pamenyamaza."

Nikamweleza. Sikuwa na haja ya kumgeukia mtu yeyote wala kurudia. Wote wawili walikuwa wakisikiliza. Nilimwambia kwamba ukuta lazima uvunjwe, kwamba siku ni chache, na kwamba aliye nyuma yake anafikiria kuondoka.

Akausukuma ukuta kidogo kwa kiganja, kama mtu anayejaribu mlango.

"Ameujenga huu kwa sababu yangu?"

Nikaugeukia ukuta kwa mazoea, kana kwamba ndio ulioulizwa.

"Mwambie," akasema, "ukuta ambao utabomolewa si lazima uwe wa matofali. Mwambie apige nyundo. Maji ya leo yametosha."

Akaondoka na wenzake. Mchana wote ule hawakurudi, na Fundi Mkuu akalalamika kwamba pipa linakauka. Lakini nyundo ilianza. Mtu wa Chwele aliufungua ukuta wake laini baada ya laini, saruji ikiwa bado changa, akiyapangusa matofali kama tulivyofanya Ijumaa zote. Jioni ulikuwa magotini pamoja na wenzake.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikuja bila madebe. Walikuja na magunia. Walikuwa wamezunguka kwa wachuuzi wa mahindi wa soko la Chwele wakaazima yote yaliyotoboka, wakayashona pamoja kwa kamba ya katani. Yule mama aliwaongoza kutoka upande wa chini, akijificha nyuma ya turubai hilo la magunia lililoinuliwa kwa miti mirefu, hata tulichokiona kikipanda kutoka mtoni ni ukuta wa magunia unaotembea, wenye miguu mingi chini. Wakausimika kando ya njia, kutoka lundo la mchanga hadi pipani. Kisha wakashuka kuchukua madebe.

Fundi Mkuu alitoka kwenye hema akayakuta.

"Hii nini?"

Nilifungua mdomo kuanza insha yangu. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuyasogelea magunia, anayaangalia kwa jicho la kazi. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga upande ule moja kwa moja, na saruji ya kona ilikuwa ikikauka haraka kuliko alivyopenda. Akalivuta gunia, akaona kivuli chake kinafika kwenye ukuta.

"Nani naleta?"

"Mama mkwe," nikasema.

"Mambie namwagia maji. Magunia iko na maji, saruji napoa, hapana pasuka." Akaondoka, akageuka. "Mama mkwe yangu hapana leta hata gunia moja."

Ikawa hivyo. Wanawake kila walipopanda walimwagia magunia debe moja kabla ya kujaza pipa, na nyuma yake, kwenye ubaridi unaonukia mahindi, mtu wa Chwele alijenga kona. Safari hii aliijenga kama ilivyopaswa, pembe ikipanda na majirani zake, ngazi pande zote mbili, polepole kiasi cha kuniuma roho kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha. Mtu wa Kachibora, aliyekuwa na kona ya jirani, alilazimika kwenda naye sambamba, na kwa mara ya kwanza alijenga laini iliyonyooka. "Nimelazimishwa na mama mkwe wa mtu mwingine," alilalamika.

Bwana mkubwa wa majengo alifika asubuhi, kabla saruji ya laini ya juu haijashika vizuri. Alikuwa mzungu mkimya, na hakutaka maelezo. Alizunguka na timazi na pimamaji, kona baada ya kona, kila mwanafunzi akiwa amesimama kando ya kazi yake. Wenyeji walikuwa wamekusanyika, wanawake wakiwa upande wao wa njia. Alipofika upande wa mtoni akasimama.

"Ondoeni magunia," akaniambia kwa Kiingereza. "Siwezi kupima nisichokiona kwa mbali."

Mtu wa Chwele alikuwa amesimama kwenye kona yake, ameielekea njia, na kanuni ya jaribio ni kwamba mtu haondoki kwenye kona. Nyuma ya magunia nilijua ni nani aliyesimama. Sikuwa na la kufanya ila kutafsiri, na safari hii nikapaza sauti kwa Kibukusu zaidi ya ilivyohitajika.

"Bwana mkubwa anasema magunia yaondolewe! Sasa hivi! Yanaondolewa!"

Mtu wa Chwele akageuka akaupa uso ukuta wake. Mtu wa Kachibora akakata kamba. Magunia yakaanguka, na upande wa pili wa njia tukaona mstari mzima wa wanawake wamesimama wima, madebe chini, wote wametugeuzia migongo. Hakuna aliyewaambia. Yule mama alikuwa wa katikati, na wenzake, wasio na mkwe wala deni lolote la heshima pale, walikuwa wamegeuka pamoja naye ili asigeuke peke yake.

"Kwa nini wamenipa mgongo?" akauliza bwana mkubwa.

"Wanaheshimu, bwana."

"Mimi?"

"Kazi," nikasema, nikaona kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetafsiri sawasawa.

Akapima. Aliteremsha timazi upande mmoja, kisha wa pili. Akaweka pimamaji juu ya laini. Akainama kuangalia mahali kuta mbili zilipoumana, akapitisha ukucha kati ya matofali. Mwisho akaiegemea kona kwa bega, kwa uzito wake wote, karibu kabisa na mtu wa Chwele aliyekuwa bado ametazama matofali kama mtoto aliyeadhibiwa. Kisha akamtikisia kichwa Fundi Mkuu na kwenda kona inayofuata.

Fundi Mkuu akatabasamu ndani ya wavu. Kutoka kwenye mstari wa migongo ikatoka sauti.

"Mwalimu! Yule wa kona amepita?"

"Amepita, mama."

Hakugeuka. Aliinua mikono yote miwili juu, akapiga kigelegele kuelekea mtoni, na wenzake wakakipokea, kikateremka bondeni hadi, nadhani, kwa wale wajomba. Mtu wa Chwele, akiwa bado ameelekea ukuta, akaweka kiganja juu ya tofali la kona akakiacha hapo. Hakusema kitu kuhusu mvua.

Mwezi uliofuata tulikuwa tena Kitale na darasa jipya, matofali yale yale. Mtu wa Chwele alikuja kuchukua vifaa vya kikosi chake na kunisalimia; mtu wa Kachibora alikuwa amepangwa chini yake, na alidai ni adhabu. Nafasi yangu ya ualimu ilikuwa bado inashughulikiwa. Nikalipanga upya somo langu la kona, nikaacha vidole.

Fundi Mkuu naye alikuwa ameongeza kitu katika mafunzo. Kabla kikosi hakijatoka kwenda kujenga popote, aliwapanga wanafunzi uani, akapita mbele yao mmoja mmoja. Swali lake la mwisho liliwashangaza wa Cherangany, lakini wa Bungoma, Wabukusu wenzetu, halikuwashangaza hata kidogo. Alimuuliza kila mmoja kama ana mwiko, kama ana uzi, kama ana timazi. Kisha alimsogelea, na kwa sauti ya chini, kama daktari, akamuuliza:

"Na mama mkwe yako, nachota maji wapi?"